Mvua Iliyoambiwa Karibu

Hapana, hakuwa na wazimu. Msimseme hivyo Bi Siwatu wa watu. Ndiyo, aliiambia mvua karibu, hilo silikatai, na mwenyewe hakulikataa hata alipoulizwa na serikali. Lakini hebu niambieni, nani kati yenu akigongewa mlango hunyamaza? Uko jikoni, mikono imejaa unga, mara unasikia ngo, ngo, ngo. Kabla kichwa hakijauliza ni nani, mdomo umeshajibu: karibu! Mdomo uliolelewa vizuri haungoji ruhusa ya kichwa.

Hayo yalitokea Subirini. Mnaijua nchi ya Subirini? Hamuijui? Basi vizuri, kaeni hivyohivyo. Ni nchi ya amani sana. Watu wake hawana makelele, wanapanga foleni tu. Nasikia iko foleni moja pale imeanza enzi za mababu, baba akifa mtoto anasimama palepale alipoachwa, na inapangiwa nini hakuna anayekumbuka, ila kuitoka hawathubutu, maana wameshakaribia.

Sasa serikali ya Subirini ilikuwa na huruma mpaka inatisha. Ikatoa amri: kila mwenye nyumba lazima aikatie bima, ili siku ya balaa afutwe machozi. Likaundwa Shirika la Taifa la Kufuta Machozi. Malipo yake jogoo mmoja kila mwezi ukiandama. Kwa nini jogoo? Kwa sababu tetea anataga, na Shirika halikupenda lionekane linapata faida.

Fundi Pandu, mume wa Bi Siwatu, alipeleka jogoo miaka ishirini na mbili hajakosa hata mwezi mmoja. Watoto wake walikua hawaijui ladha ya jogoo. Kwao jogoo ni kitu kinachotoka nyumbani kinapiga kelele na hakirudi. Ukimwambia, "Fundi, si bora tumle huyu?" anajibu, "Huyu analinda nyumba." Na nyumba yenyewe aliijenga kwa mikono yake, mawe na udongo, kuta nene unaweza kuegemea ukalala. Alipoumwa ile ya mwisho hakuagiza mengi. Alisema, "Siwatu, arobaini yangu isomwe humu ndani. Nisisomewe kwenye viwanja vya watu kama sikuwa na kwangu."

Bi Siwatu akasema haya. Fundi akafa. Mjane akavaa nguo zake za eda, akajifungia kwake kumkalia mumewe, miezi minne na siku kumi, kama inavyotakiwa. Siku ya ishirini na tisa, alasiri, ikanyesha mvua.

*

Si mvua ya kuhadithia. Mfereji wa barabarani ulikuwa umezibwa tangu wakubwa walipoufungua rasmi, kwa sababu jiwe la msingi waliliweka katikati yake. Maji yakakosa pa kwenda, yakaja na gogo mbele, gogo likagonga mlango wa Bi Siwatu. Ngo, ngo, ngo.

Yeye alidhani ni jirani yake, Bi Mize, anarudisha ungo.

"Karibu, mwenzangu! Sukuma tu!"

Wakasukuma. Wakaingia wote, maji, gogo na vyura, wakajaa mpaka kwenye matendegu ya kitanda cha marehemu.

Kesho yake asubuhi akaja mkaguzi wa Shirika, Bwana Faki, kijana mpole, kavaa mabuti mapya, mwavuli kwapani, kakumbatia kitabu cha bima kama mtoto mchanga. Akasimama mlangoni.

"Hodi."

"Karibu," akajibu Bi Siwatu. Alikuwa keshapandisha pindo la kanga, anachota maji kwa kata na kumwaga dirishani.

"Shikamoo, bi mkubwa. Pole na msiba. Pole na maji."

"Marahaba. Nimeshapoa. Shika ndoo hiyo, unisaidie."

"Ngoja kwanza, mama, tusome." Akafungua kitabu. "Bima yako inahusu moto."

"Moto hapa uko wapi?"

"Ndiyo nikasema una bahati, maana moto una masharti. Usiwe umeanzia jikoni, usiwe na moshi, na uwe umetoa taarifa wiki mbili kabla."

"Na mwizi?"

"Mwizi yumo. Ila aache jina lake na sahihi."

"Na mti ukianguka juu ya paa?"

"Tunaulipia mti. Paa halimo."

Bi Mize alikuwa dirishani, kiwiliwili nje, kichwa ndani. Mama huyu ulimi wake haukuwahi kulala njaa. "Weye kijana, hebu sema kilichomo kwenye hicho kitabu, kabla meno yangu hayajaisha."

"Maji yamo!" akasema Bwana Faki kwa furaha ya kweli. "Ukurasa wa sabini. Maji yaliyoingia kwa jeuri, bila hodi, bila idhini ya mwenye nyumba, yanalipwa kamili, mpaka sufuria. Nina swali dogo tu, bi mkubwa, na ni la kawaida. Yalipogonga, ulisemaje?"

Bi Siwatu hakujua kusema uongo. Fundi hakumwachia ufundi huo.

"Nilisema karibu."

"Na sukuma tu," akaongeza Bi Mize kumtetea mwenzake. "Nilimsikia mimi kwa masikio yangu. Kamkaribisha kwa moyo safi!"

Bwana Faki akakifunga kitabu taratibu, kama mtu anayefunika maiti.

"Basi ni mgeni," akasema.

Akawasomea. Chochote kilichobisha mlango, kwa mkono, kwa mguu au kwa nguvu za maumbile, kikajibiwa karibu, hicho ni mgeni. Hasara ya mgeni hailipwi. Mwenye nyumba atamtunza mgeni kwa kilicho bora alicho nacho. Mgeni asitolewe kabla siku mbili hazijapita. Siku ya tatu apewe jembe, kama wahenga walivyosema.

"Kwa hiyo hiyo kata naomba unipe," akasema Bwana Faki. "Kumtoa mgeni kwa kata ni kuvunja mkataba, na ni aibu kwa taifa."

Akaichukua kata. Akaandika risiti ya kata, akaiacha pamoja na nakala ya ukurasa wa sabini. Mlangoni akabandika karatasi: MGENI YUMO NDANI. ASISUMBULIWE.

Bi Siwatu akakaa juu ya kitanda cha mumewe siku mbili, miguu kaikunja, anamtazama mgeni wake. Mgeni naye kimya, anazila kuta kutoka chini, polepole, kama mtu anayekula muwa. Bi Mize akampitishia chai dirishani, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, Bi Siwatu akamwambia, "Nisomee ule ukurasa."

"Nimekusomea mara mbili."

"Nisomee tena."

Akamsomea mara saba. Bi Siwatu shule hakuiona ndani, lakini kichwa chake kikishika neno hakiliachii. Akaushika ukurasa wa sabini kama mwenzake anavyoshika Yasini.

*

Siku ya tatu akaja Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Mheshimiwa Daktari Mara Mbili Mwinyikondo. Ukimwita daktari mara moja anakufungulia kesi. Alikuja na bendi, na zulia la kutandika kwenye matope, na mtu wa kulifua zulia. Sherehe ilikuwa ya kumkabidhi mgeni jembe.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Wako wanaosema Shirika halifanyi kazi. Leo macho yao na yaone! Nchi gani nyingine duniani inayoyapa maji ajira?"

Makofi. Akachukua jembe jipya, limefungwa utepe, akainama kwa heshima, akaliweka ndani ya maji. Jembe likazama. Watu wakangoja. Bwana Faki akatazama saa, akaandika: Mgeni mvivu.

Hapo ndipo ukuta wa chumbani ulipochoka. Ulitoa sauti moja tu, kama mzee anayekaa, ukalala juu ya kitanda cha Fundi Pandu. Wa ukumbini ukaufuata. Bi Siwatu alitolewa na Bi Mize kwa kuvutwa mkono. Paa likaja chini lote. Wale wa bendi walidhani ni ishara, wakapiga wimbo wa taifa, na watu ikabidi wasimame wima, na Bi Siwatu naye kasimama wima, vumbi la nyumba yake linamwingia puani.

Wimbo ulipokwisha, Mheshimiwa akamsogelea, akatoa kitambaa cheupe kilichotariziwa nembo ya Shirika, jicho na tone.

"Mama, Shirika limekuja kukufuta machozi."

Bi Siwatu hakuwa analia. Alikipokea kile kitambaa, akakikunja mara nne, akakifunga kwenye pindo la kanga.

"Nitakurudishia," akasema.

"Hapana, mama, si cha kuazima. Hiyo ni zawadi."

"Nitakurudishia."

Mheshimiwa akacheka, tumbo likacheka baada yake. Hakuona kitu. Bwana Faki aliyaona macho ya Bi Siwatu, na usiseme, alitafuta pa kuegemea.

*

Sasa hesabuni wenyewe. Arobaini ya Fundi imebaki siku nane, na nyumba ni tope. Na eda huwezi kuikalia hewani.

Bi Siwatu akawaita mafundi wote waliofundishwa kazi na Pandu, na wake zao, na majirani, wakatimia arobaini. Akawaambia maneno machache: "Twendeni tukatembee."

Makao makuu ya Shirika yalikuwa jumba la ghorofa tatu, matofali ya kuchoma, mabati mekundu yanang'aa. Juu ya mlango herufi za dhahabu, kila moja kimo cha mtu: KARIBUNI. Chini zulia: KARIBU. Mlinzi getini, mazoea yake yaleyale, akasema karibuni. Mama wa mapokezi, hata kichwa hajainua, akasema karibuni, jazeni Kitabu cha Wageni.

Wakajaza. Watu arobaini, mmojammoja, asiyejua kuandika akatia dole gumba. Pale palipoandikwa sababu ya kuja, Bi Siwatu akasema waandike: kutembea. Kisha wakatandika mikeka.

Mheshimiwa akashuka ngazi mbiombio. "Mna shida gani, ndugu zangu?"

"Hatuna shida, mwanangu," akasema Bi Siwatu. "Tumebisha, tumekaribishwa. Sisi wageni."

"Mama, ofisi hii inafungwa saa tisa!"

"Funga tu. Tumo ndani. Ukurasa wa sabini: mgeni asitolewe kabla siku mbili hazijapita. Ni aibu kwa taifa."

Mheshimiwa akamgeukia mkaguzi wake. "Faki! Ni kweli hayo?"

Bwana Faki akafungua kitabu, akakifunga. "Mheshimiwa, wameandikwa humu mpaka dole gumba. Na hapa panasema watunzwe kwa kilicho bora tulicho nacho."

"Tuna nini?"

Nyuma ya jumba, hapohapo, akawika jogoo. Akajibiwa na elfu.

Jamani! Ule ua ulikuwa umejaa majogoo ya nchi nzima, ya miaka yote, mengine yamezeeka yanawika kwa kukohoa. Hayakuwahi kumfuta mtu chozi hata moja. Siku mbili zile yalichinjwa, yakakaangwa, yakaokwa, yakatiwa nazi, na moshi ukaenda mjini na kuwaeleza wengine. Wakaja. Mlinzi akasema karibuni, asingeweza kujizuia. Wakaja na watoto, na wazee, na wale wa ile foleni ya mababu wakasikia harufu, kwa mara ya kwanza wakatoka kwenye mstari. Kitabu cha Wageni kikajaa, kikaletwa kingine.

Watoto wa Fundi walikula jogoo kwanza kwa woga, wanatazama huku na huku. Mdogo wao akauliza, "Huyu hailindi nyumba ya mtu?" Bi Siwatu alikuwa amemwona jogoo mwekundu mmoja mwenye kilemba kilichokatika, yule ambaye Fundi alimpeleka mwezi wake wa mwisho, anakohoa, keshaegemea ukuta kulala. Akamkamata, akamtia kikapuni. "Huyu anarudi nyumbani," akasema.

*

Asubuhi ya siku ya tatu Mheshimiwa aliamka na tabasamu. Aliagiza bendi. Aliagiza majembe lori zima. Maana kila mtu anajua, jembe la mgeni halikutengenezwa kwa kulimia. Ukilitoa tu, mgeni anakumbuka ameacha kuni motoni kwake.

"Ndugu wageni!" akasema kwenye kipaza sauti. "Mila ni mila! Siku ya tatu imefika!" Akagawa kwa mkono wake mwenyewe, jembe, jembe, jembe, akingoja watu waone haya.

Bi Siwatu akalipokea la kwake kwa mikono miwili. Akalipima ncha kwa kidole gumba.

"Ahsante, mwanangu. Tulime wapi?"

Mheshimiwa akacheka, na kile kipaza sauti kiko wazi mpaka sokoni. "Limeni popote!"

Mnasikia? Popote.

Wakaanzia chini ya herufi K. Wale walikuwa mafundi, walijua jumba linakalia wapi. Msingi wenyewe ulikuwa futi moja, na hiyo futi nusu yake ni mchanga wa pwani, maana mkandarasi naye alikuwa mtu wa Shirika. Adhuhuri K ikaanguka, alasiri zikafuata nyingine zote. Wala hawakubomoa kwa fujo. Tofali linatolewa, linafutwa vumbi, linapitishwa mkono kwa mkono, linawekwa kichwani, linaondoka. Mabati. Milango. Vigae vya choo cha Mheshimiwa, ambavyo vilikuwa na picha ya Mheshimiwa.

"Faki!" akapiga kelele. "Jumba hili lina bima! Lete fomu!"

Bwana Faki akaleta fomu, akatafuta tofali akakalia, akafungua kitabu. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole.

"Mheshimiwa, pole na msiba. Bima yako inahusu moto. Inahusu mwizi, kama ameacha jina na sahihi. Hawa wameacha, lakini kwenye Kitabu cha Wageni. Nina swali dogo tu, na ni la kawaida. Walipobisha, mlango ulisemaje?"

Mheshimiwa akatazama juu mahali mlango ulipokuwa. Palikuwa na anga.

"Faki, mwanangu, wewe ni mtu wangu."

"Hasara ya mgeni hailipwi," akasema Bwana Faki, akagonga muhuri. Kisha akavua mabuti yake mapya, akampa mmoja wa mafundi, akaokota matofali mawili akatia begani.

*

Siku ya arobaini nyumba ilikuwa imesimama. Mahali palepale, chumba palepale, kitanda kimesukwa upya. Matofali ya kuchoma, bati jekundu. Ile herufi U wakaitundika jikoni, inaning'iniza masufuria sita. Ilisomwa hitima ndani, sauti zikajaa mpaka darini, na Bi Siwatu nyuma ya pazia lake la eda akasema taratibu, "Umesikia, Pandu? Umo kwako."

Pilau likapakuliwa. Masinia yakatandazwa, watu wamenawa, wamekunja mikono ya kanzu. Ndipo mvua iliyonyesha tangu alfajiri, ikakatika, ilipoanza tena, ya ghafla, nzito. Na mlango ukagongwa.

Ngo, ngo, ngo.

Watu mia na ushee, midomo yote iliyolelewa vizuri, ikafunguka. Bi Mize akainua upawa. "Ole wake atakayejibu!" Midomo ikafungwa.

"Hodi," ikasema sauti huko nje. Tumbo lake lilisikika kabla yake. Hakuwa na ofisi, hakuwa na majogoo, na nyumba yake ya serikali ilikuwa na bima ya Shirika. Mfereji ni uleule, na asubuhi ile na yeye alikuwa kagongewa na gogo, akasema karibu.

Kimya. Mvua inamnyeshea. Mvuke wa pilau unapita chini ya mlango, unamwelekea puani.

"Hodi tena, wenyewe."

Kimya. Mtu mmoja alitaka kulia kwa ajili ya wali unaopoa, akatulizwa. Ya tatu ndiyo ya mwisho, mnajua. Usipojibiwa ya tatu, unageuka unakwenda zako.

"Hodi... mama."

Hapo Bi Siwatu akasema kutoka nyuma ya pazia, sauti haina haraka:

"Nani? Maji au mtu?"

"Mtu."

"Una hakika? Maana nilifundishwa hakuna tofauti."

"Tofauti ipo, mama."

"Iandike."

Ikapitishwa karatasi chini ya mlango, na kalamu. Ikarudi imelowa: Maji si mgeni. Mwinyikondo, Daktari Mara Mbili. Bi Mize akaisoma kwa sauti, akairudisha. "Futa hizo mara mbili." Akazifuta. Barua hiyo ipo Subirini mpaka leo, kila nyumba ina nakala yake mlangoni, ingawa majogoo ya kulipia hayapo tena, yalikwisha kuliwa na wenyewe.

"Haya," akasema Bi Siwatu. "Karibu."

Aliingia anachuruzika. Chozi lilikuwa linamtoka au ni mvua, wala hakuna aliyemkagua. Bi Siwatu akafungua pindo la kanga, akampa Bi Mize kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, chenye jicho na tone. Bi Mize akakipeleka na sahani ya wali, na juu ya wali shingo ya jogoo.

"Nilisema nitakurudishia," ikasema sauti ya pazia. "Futa, kisha ule. Utalala barazani na mafundi. Leo siku ya kwanza."

Mheshimiwa akakaa, akatafuta pa kuegemea. Nyuma ya mlango, mahali ambapo lazima ukae ukitazama, palikuwa na jembe lenye utepe, lile lililookotwa majini, limenolewa, mpini umemwelekea yeye. Nje mfereji unaunguruma na jiwe lake la msingi katikati, linamngoja. Juu ya bati jogoo mwekundu akakohoa, akawika.

"Bismillahi," akasema Bi Siwatu.

Na watu wote wakakaa, wakala.